Stakabadhi ya Meza Moja

"Saa nne kamili natia sahihi," alisema Bwana Damiano. "Ukiwa na la kusema, Sajini, liseme kabla ya hapo. Baada ya hapo robo mwaka imefungwa."

Sajini Amoni Nzowa alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, tarehe 11 Aprili 1953. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita, na tope la Tunduma lilikuwa limempanda mpaka magotini. Alikuwa ametoka Mbeya jana yake kwa lori, akiwa amevaa nguo za kiraia kama askari kanzu wote. Hakuna aliyempa kiti. Alivuta kimoja mwenyewe, akaketi.

Umoja wa Bima na Akiba wa Mpakani ulikuwa na wanachama mia sita, na Damiano, mwenye duka la vitambaa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Kila mwanachama alilipa shilingi mbili kwa mwezi. Mwanachama akifa, nyumba yake ilipewa shilingi mia nne. Kila miezi mitatu karani alisimama mbele ya wanachama akasoma matokeo: kilichoingia, kilicholipwa kwa wafiwa, kilichobaki. Wakisha kuyakubali, mwenyekiti alitia sahihi, na tangu hapo hakuna aliyeweza kudai kitu cha miezi ile mitatu.

Siku ya Jumatano alikuwa amekuja mjane mmoja kutoka milima ya Ileje, jina lake Jenista, kudai shilingi mia nne za marehemu mumewe. Karani alimwambia kwamba alikwisha kulipwa mwezi wa pili. Mwanamke hakukubali wala hakuondoka, ndipo wakaita polisi. Sasa alikuwa mahabusu. Lori la saa sita lingempeleka Mbeya kushtakiwa kwa kutaka kulipwa mara mbili.

"Lete daftari la stakabadhi," alisema Amoni.

"Koplo wako alikwisha kulisoma," alijibu karani.

"Mimi sijalisoma. Nami husoma polepole. Lilete."

Karani huyo aliitwa Enoka. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, na kalamu mbili mfukoni. Alizaliwa Nkana, ng'ambo ya mpaka, kwenye kambi ya wachimba shaba, akasoma huko, na alihamia Tunduma miaka miwili tu iliyopita. Alilitupa daftari mezani badala ya kumkabidhi mkononi.

Amoni alifungua stakabadhi namba 31. Aliisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Mimi Jenista, mjane wa Efraimu Mbonile, nimepokea shilingi mia nne taslimu, ofisini Tunduma, tarehe 12 Februari 1953, mbele ya baba mkwe wangu Mzee Mbonile, ambaye tuliketi naye meza moja tukazihesabu pamoja."

Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba, na pembeni sahihi ya mzee, herufi kubwakubwa zenye kutetemeka. Amoni alitoa kioo cha kukuzia, akainama. Maneno ya mstari wa mwisho yalikuwa yamebanwa, kana kwamba mwandishi aliogopa kuligusa dole. Mkia wa herufi moja ulikuwa umepita juu ya wino wa dole.

"Dole lilipigwa kwanza," alisema. "Maandishi yakafuata."

"Ndivyo tunavyofanya," alisema Enoka. "Watu wa milimani hawajui kusoma. Wanapiga dole, mimi naandika. Ungependa wangoje mpaka jua lizame?"

Damiano alicheka. Amoni hakucheka.

"Kwa nini shahidi awe baba mkwe?"

"Kanuni. Lazima mkubwa wa ukoo wa marehemu ashuhudie."

"Waliketi wapi siku hiyo?"

"Hapo ulipo. Mama kushoto, mzee kulia, mimi upande huu."

"Walizungumza?"

"Sana. Mzee alimsaidia kuhesabu noti. Kisha akamshika mkono, akampa pole. Mama akalia, mzee akamfariji. Nami niliguswa, mukwai," alisema, kwa neno la heshima la kwao Nkana.

Amoni aliandika yote katika kijitabu chake. Alipomaliza alikigeuza, akamsogezea karani.

"Ni hivyo ulivyosema?"

"Neno kwa neno."

"Basi weka jina lako hapo chini."

Enoka alitia sahihi kwa madaha, na mkia mrefu chini yake. Amoni alimwandikia mwenyekiti hati ya kuchukua daftari kama kielelezo, akalifunga kwa kitambaa cha mpira, akaliingiza chini ya koti.

"Saa nne," alikumbusha Damiano.

"Nilikusikia mara ya kwanza."

*

Mahabusu ya Tunduma ilikuwa chumba kimoja cha udongo nyuma ya kituo. Jenista alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo wima, khanga imefungwa kifuani. Hakuinuka.

"Nipe mkono wa kulia," alisema Amoni.

Alilipaka wino dole lake, akalikandamiza juu ya karatasi, akaliweka kando ya lile la kwenye daftari. Kovu jembamba lilikata mistari ya dole kutoka juu kwenda kushoto. Kovu lilelile lilikuwepo kwenye stakabadhi.

"Dole ni lako."

"Nilisema si langu? Wewe ndiye uliyekuja na wino. Ungeniuliza tu. Huo ni mundu, nilijikata nikiwa msichana."

"Kwa nini ulilipiga?"

"Nilipokuja kusema mume wangu amefariki, karani aliniambia nipige ili jina lake litolewe kwa walio hai, liingie kwa waliokufa. Nikapiga."

"Karatasi ilikuwa imeandikwa?"

"Ilikuwa nyeupe."

"Tarehe 12 Februari ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Ileje, napalilia maharage. Unataka shahidi? Nenda ukayaulize maharage."

Koplo Boazi, aliyesimama mlangoni na funguo, aliguna. Amoni hakugeuka.

"Kuna shahidi mwingine. Baba wa mumeo ametia sahihi kwamba mlikuwa naye pamoja."

Jenista aliivuta khanga akajifunika kichwa chote. Akageuka, uso ukaelekea ukutani.

"Anaitwa nani baba huyo?"

Kimya.

"Nakuuliza jina lake. Ni mtu wa kwenu, unalijua."

Kimya.

"Dada, ukinyamaza utapanda lori saa sita. Sema jina lake, kisha useme kama mlikuwa naye au hapana."

"Muulize mtu mwingine," alisema Jenista kutoka ndani ya khanga.

Amoni aliandika: Alipotajiwa shahidi, alificha uso, akakataa kujibu. Boazi alichungulia maandishi yale, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Huyo amekwisha, afande. Dole lake, na sasa aibu yake. Tumfungashe mapema."

Nje, karibu na mafiga, mwanamke mnene aliyekuwa akikoroga uji wa mahabusu aliangua kicheko. Aliitwa Elina. Alizaliwa Ileje, akaolewa Tunduma, na kituo kilimlipa apike.

"Andika, andika," alisema. "Mzungu wako Mbeya atafurahi. Hata kuku wa Ileje wangekucheka."

"Unacheka nini, mama?"

"Wewe kwenu wapi?"

"Nanyala."

"Ndiyo maana. Kwetu mwanamke na baba mkwe wake hawaonani uso. Akitokea njiani, mimi naingia majanini, najifunika. Chumba alimo siingii. Jina lake silitamki mpaka siku ya kufa kwangu. Nawe unamkaba mtoto wa watu alitamke, tena mbele ya huyu Boazi mwenye domo!"

"Nanyala pia mkwe hupita pembeni," alisema Amoni. "Lakini jina hutajwa. Na mume akiwa amekufa?"

"Mume amekufa, baba yake hajafa. Heshima inabaki palepale."

"Hata kanisani?"

"Kanisani yeye huingia mlango wa mbele, mimi wa nyuma, na nguzo iko katikati. Mchungaji alitusemesha mpaka akachoka."

Amoni alifungua daftari, akalisoma tena polepole mpaka mwisho wa stakabadhi namba 31.

"Elina, baba mkwe na mkamwana wanaweza kuketi meza moja?"

Mwiko ulisimama ndani ya uji.

"Meza moja? Wakitazamana?"

"Wakihesabu fedha. Kisha akamshika mkono."

"Nani amesema hivyo?" Elina hakuwa akicheka tena. "Mtu huyo hajaoa kwetu, wala hajazaliwa kwetu. Huyo anawatukana."

Amoni alirudi kwenye daftari, akaanza kupekua kurasa za Januari mpaka Machi. Stakabadhi za wafiwa zilikuwa tano. Mbili zilikuwa za watu wa Tunduma. Tatu zilikuwa za wajane wa Ileje. Aliweka kijiti katika kila moja ya hizo tatu, akalifunga daftari.

"Nahitaji baiskeli," alimwambia Boazi.

*

Mzee Mbonile alikuwa amefikia kwa ndugu yake huko Mpemba, kijiji cha jirani. Alikuwa mwanachama wa Umoja, naye alikuja kusikiliza matokeo na kuchukua gawio lake. Amoni alimkuta barazani akifunga kamba za viatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mpelelezi wa yule mwanamke."

"Ndimi. Sahihi yako ni ya namna gani, baba? Niandikie hapa."

Mzee alichukua penseli, akaandika herufi zilezile kubwa zenye kutetemeka.

"Uliwahi kutia sahihi karatasi ya Umoja mwaka huu?"

"Nilitia."

"Ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa karatasi. Hilo linakutosha."

"Halinitoshi."

Mzee Mbonile alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Amoni alivyodhani.

"Sikiliza, mwanangu. Mwezi wa kwanza nilimzika Efraimu. Mjane wake nikamkabidhi kwa Osward, mdogo wa marehemu, amtunze yeye na watoto. Akakataa. Akakataa mbele ya wazee wa kanisa! Akatuma watu waniambie kwamba yeye na Mungu wake wataitunza nyumba. Vema. Mungu wake na amtoe mahabusu. Mimi simshtaki wala simtetei. Sahihi ni yangu."

"Nikikuuliza mbele ya wanachama?"

"Nitasema hivyohivyo. Sahihi ni yangu. Sasa toka nipite, kuna tope, nami ni mzee."

Daftari lilikuwa chini ya koti la Amoni. Angeweza kulifungua amsomee mzee yale aliyoandikiwa. Lakini barazani hapo, bila mtu wa kusikia, mzee angeweza kunyamaza, na ukimya wake ungempeleka Jenista Mbeya. Hakulifungua. Alisema, "Asante, baba," akapanda baiskeli.

Njiani alisali kwa maneno machache, kama alivyozoea kabla ya kufanya jambo ambalo huenda angelijutia.

Kituoni alimwambia Elina alilotaka: Jenista aletwe mkutanoni. Elina aliweka mikono kiunoni.

"Utamwaibisha mbele ya watu mia mbili."

"Au aende jela."

"Hukumwambia?"

"Nikimwambia atakataa kuja."

Elina alivua aproni. "Nitakaa naye mimi. Na wewe Mungu akusamehe, maana yeye sijui."

*

Wanachama walikusanyika katika ghala la kahawa kando ya ofisi. Wenyeji wa Tunduma waliketi mbele, wafanyabiashara wakiwa na miavuli yao. Watu wa Ileje walikuwa na mabenchi yao upande wa kulia, wazee wakiwa wamevaa makoti mazito. Jenista aliketi mwisho kabisa karibu na mlango wa upande, Elina kushoto kwake, Boazi nyuma yao. Watu waligeuka kumtazama.

"Mwizi wa msiba," alisema mtu mmoja, bila kupunguza sauti.

Mzee mmoja wa kanisa alifungua kwa sala. Kisha Enoka alisimama na karatasi yake, na sauti yake ilijaa ghala.

"Robo ya kwanza ya mwaka 1953. Ada zilizoingia, shilingi elfu tatu na mia sita. Gharama za ofisi, mia tatu na hamsini. Malipo ya misiba, watu watano, shilingi elfu mbili, yote yamelipwa, hakuna deni. Ziada iliyobaki, shilingi elfu moja mia mbili na hamsini. Gawio ni shilingi moja kwa kila mwanachama, na inayosalia inaingia akiba."

Makofi yalilipuka. Shilingi moja haikuwa nyingi, lakini robo iliyopita hawakupata hata senti. Damiano alitabasamu, akachovya kalamu.

"Yupo mwenye neno?"

"Nipo," alisema Amoni kutoka ukutani.

"Nilijua. Fupi, Sajini."

Wakati huo mlango mkubwa wa mbele ulifunguka, na Mzee Mbonile akaingia, viatu vimejaa tope la njia ya Mpemba. Alisimama kidogo akitafuta mabenchi ya watu wake.

Jenista alimwona. Hakupiga kelele. Alivuta khanga ikamfunika uso, akainama karibu ya kugusa sakafu, akatoka kwa mlango wa upande kama mtu anayekimbia moto. Boazi alinyoosha mkono amkamate. Amoni alimpa ishara, naye akaushusha.

"Mnamwona!" Enoka alipaza sauti, kidole kikielekea mlangoni. "Mnamwona, mwe bantu, enyi watu! Amemwona shahidi wake, anakimbia! Dhambi inamkimbiza! Mkamateni!"

Baadhi ya watu wa mbele walicheka. Kwenye mabenchi ya Ileje hakucheka mtu. Mzee mmoja alimtazama karani kana kwamba amevua nguo hadharani. Mzee Mbonile naye alikuwa ameugeuza uso wake ukutani, na aliugeuza tena mbele pale tu khanga ilipotoweka.

"Karani," alisema Amoni, "kwa nini amekimbia?"

"Nimekwisha kusema. Dhambi."

"Watu wa Ileje, kwa nini amekimbia?"

"Ameona baba mkwe!" walijibu wengi kwa pamoja, na mmoja akaongeza, "Ulitaka afanye nini, amkumbatie?"

Amoni alipita mbele. Alifungua daftari, akasoma stakabadhi namba 31, polepole, neno baada ya neno. Alipofika "tuliketi naye meza moja" mguno ulipita kwenye mabenchi ya kulia. Kisha alitoa kijitabu chake.

"Na haya aliyasema karani leo asubuhi, akatia sahihi. Mama kushoto, mzee kulia. Mzee alimsaidia kuhesabu. Mzee akamshika mkono."

Watu wa Ileje walisimama. Walisema kwa Kindali, lugha yao, wote kwa wakati mmoja, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Damiano aligonga meza mara tatu bila kusikika.

"Mzee Mbonile," alisema Amoni waliponyamaza. "Sahihi ni yako. Hilo ulikwisha kuniambia. Sasa nakuuliza mbele ya ndugu zako. Uliketi meza moja na mkamwana wako? Ulimshika mkono?"

Mzee alivua kofia. Akatazama wazee wa makoti mazito, mmoja mmoja, nao wakamtazama.

"Mwanamke yule simpendi," alisema. "Aliikataa nyumba yangu, na kama angefungwa nisingelia. Lakini tangu siku aliyoolewa sijauona uso wake, naye hajauona wangu. Meza moja?" Sauti yake ilipanda. "Wewe kijana wa Nkana, ulipita kwangu kukusanya ada, ukanipa karatasi tupu, ukasema nitie jina kuthibitisha kwamba mwanangu amekufa. Nikatia, machozi yakinitoka. Nawe ukaandika kwamba nimemshika mkono mke wake?"

"Awe, mukwai, hapana, mzee amesahau..."

"Sijasahau kitu!"

"Stakabadhi namba 34," Amoni aliendelea kusoma, bila kupaza sauti. "Nesta, mjane, wa Ileje. Mbele ya baba mkwe wangu, tuliketi naye meza moja. Namba 38. Anastazia, mjane, wa Ileje. Mbele ya baba mkwe wangu, meza moja. Karani, meza yako ni pana sana."

Enoka alitazama mlango mkubwa, kisha wa upande. Boazi alikuwa amesimama kwenye mmoja na wanaume wanne wa Ileje kwenye mwingine.

"Aliwachagua wa mbali," Amoni alimwambia mwenyekiti. "Mjane wa Ileje hutembea siku mbili kufika hapa. Angesubiri habari, na habari isingekuja mpaka umetia sahihi. Huyu mmoja alikuja mapema kwa siku tatu. Shilingi elfu moja na mia mbili hazikulipwa kwa mtu."

Damiano aliiweka kalamu chini. Wino ulidondoka juu ya matokeo.

"Na gawio letu?" aliuliza mtu wa mbele.

Aliuliza tena kwa hasira, na safari hii alikuwa akimtazama Amoni.

*

Jenista alikuwa amechuchumaa chini ya ukingo wa bati, nyuma ya ghala, matone yakimwangukia mabegani. Elina alikuwa amesimama kando yake.

"Ulinitega kama kwale," alisema Jenista, Amoni alipomkaribia.

"Ndiyo. Nisamehe, dada."

"Sijui bado."

Damiano alitokeza kichwa mlangoni. Alikuwa na bahasha, na hakuonekana kufurahi kuishika. "Aingie apokee. Nimezitoa kwenye ziada. Nataka zishuhudiwe, sitaki maneno mengine."

"Yeye bado yumo?" aliuliza Jenista.

"Ameketi mbele," alisema Damiano. "Anasema ni fedha za mwanawe, haondoki mpaka azione zikilipwa."

Jenista alijifunika tena. "Basi siingii."

Elina akasogea kwenye dirisha dogo la ghala, akalisukuma likafunguka, akaishika khanga yake kwa mikono miwili kama pazia mbele ya uwazi. Damiano alirudi ndani akisonya kwa hasira. Mkono wake ukatokea chini ya khanga na noti. Mkono wa Jenista ukazipokea. Alizihesabu mara mbili, midomo ikichezacheza. Ndani ya ghala Mzee Mbonile aliketi na mgongo wake ukielekea dirishani, akahesabu pamoja naye kwa sauti, bila kugeuka.

Kutoka barabarani lori la saa sita lilipiga honi. Boazi alikuja akikimbia.

"Afande, dereva anauliza nani anapanda."

"Karani."

Amoni aliegemeza karatasi safi ukutani, akaandika stakabadhi yote mpaka nukta ya mwisho, akaisoma kwa sauti ili walio nje na walio ndani wasikie: Jenista, mjane wa Efraimu, amepokea shilingi mia nne dirishani, akazihesabu mwenyewe. Shahidi alikuwa ndani, alisikia, hakumwona.

Ndipo akafungua kidau cha wino, akamwambia Jenista apige dole.